Ada ya Nyumba Nisiyoiuza

Nimerudisha funguo za ofisi na muhuri. Ile futi ya chuma ya kupimia mmeniachia, kwa sababu imekatika kwenye mita ya saba na hakuna anayeitaka. Sasa niko nyumbani. Mke wangu anashangaa kuniona saa nne asubuhi nimekaa na kikoi, na mimi nashangaa kwamba kumbe saa nne asubuhi nyumba ina kelele hivi. Basi nimetafuta daftari, nimekaa pembeni, naandika.

Kabla sijaondoka mliniuliza swali, wote kwa pamoja, na nyuso za watu walioibiwa. Mwenye nyumba mmoja aliwapa kazi ya kumtafutia mteja. Mkaitangaza kwenye simu zenu kwa picha kumi na mbili, moja ikiwa ya choo, sijui kwa nini. Ijumaa, baada ya swala, yule bwana akamuuzia binamu yake nje ya msikiti, na nyinyi mkapata habari kwa muuza maziwa. Mkaniuliza: ada tunadai au hatudai? Nikasema nitawajibu. Mlidhani nakwepa. Sikukwepa. Jibu lenyewe ni refu, lilinigharimu ploti, na si jambo la kuelezwa mlangoni na mtu aliyeshika mkononi zawadi ya kustaafu ambayo ni saa ya ukutani. Mtu ameacha kazi, mnampa saa.

Naandika Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka Mwingi na Hola, na nusu nyingine, watoto wetu wenyewe, Kisomali mnakisema lakini kukisoma mnatoa jasho. Maneno mengi humu yalisemwa kwa Kisomali. Nimeyaleta nilivyoweza, matusi nikayaacha kulekule.

Sikuanza na nyumba. Nilianza na mbuzi.

Niliingia soko la mifugo la Garissa nikiwa na cheti cha shule ya msingi na maoni mengi. Nikapelekwa kwa adeer Gurey. Adeer ni baba mdogo, ingawa undugu wetu ulikuwa ule wa kila mtu na kila mtu katika mji huu. Gurey ni jina la utani, maana yake mwenye mkono wa kushoto. Alikuwa dalali wa ngamia na mbuzi, mtu mfupi, ndevu zimepakwa hina, mchoyo wa maneno kupita kiasi. Sikuwahi kumsikia akimsifu mnyama. Mnunuzi akiuliza kama mbuzi huyu ni mzuri, Gurey hujibu, "Ana miguu minne." Na walinunua, hilo ndilo lililokuwa likiniudhi. Mimi nilikuwa naimba mashairi kwa kila beberu na watu wananipita.

Bei pale haitajwi kwa mdomo. Dalali anamshika mnunuzi mkono, anaufunika kwa shali, na vidole vinazungumza chini kwa chini: kidole kimoja kiasi fulani, viwili kiasi fulani, kiganja kizima ni kingine. Watu ishirini wamewazunguka na hakuna anayejua wamefika wapi. Siku yangu ya kwanza Gurey aliniambia nimshike mkono mfanyabiashara mmoja aliyetoka Nairobi. Yule bwana akanibana vidole, nikachanganyikiwa, nikafunua shali niangalie ni vidole vingapi. Soko zima likaona bei. Gurey hakunifokea. Alilichukua shali lake, akalikung'uta vumbi, akaniambia nikawanyweshe ngamia mpaka Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nilipokubaliwa kurudi, akaja mzee kutoka upande wa Wajir pamoja na wanaume wawili. Walizunguka wakiangalia ngamia mmoja mmoja, wakasimama kwa jike mmoja, wakaonyesha alama ya chuma ubavuni. Ni ya kwao. Ngamia ameibwa. Aliyemuuza alikuwa ameshapotea na upepo. Mnunuzi, ambaye Gurey ndiye aliyemshika mkono, akasema, "Mimi muuzaji simjui. Namjua Gurey." Gurey akaingiza mkono kiunoni, akamlipa yule mzee bei ya ngamia mzima, pesa zake mwenyewe, wala hakuomba muda. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake. Nikamwambia amedhulumiwa. Akaniangalia.

"Wewe unafikiri ada ni ya kutafuta mteja?" akasema. "Mteja hata mbuzi anajitafutia, anapiga kelele tu. Ada ni ya siku kama hii."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizomsikia akitoa. Niliisikia vizuri sana, nikaisahau vizuri vilevile.

Niliacha mifugo mji ulipoanza kukua. Nilijiambia kwamba nyumba hazili, hazinuki, hazikimbii, na hazifi kwa ukame. Ni kweli, ila zina warithi. Hayo ya warithi sikuyawaza.

Ya mishahara na vyeo nitayapita, kwanza kwa sababu havikuwepo. Vifaa vyangu vilikuwa futi, daftari la kurasa mia mbili, kalamu mbili kwa kuwa mteja huondoka na moja, viatu vya mpira vya msimu wa mafuriko, na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Chupa ndiyo iliyouza nyumba nyingi kuliko mimi. Mtu akikaa akanywa kikombe cha pili, huyo ameshaanza kupanga kitanda kitakaa wapi. Nilijifunza kwamba mwanamume hukagua geti na mwanamke hukagua jiko, na anayeamua ni aliyekagua jiko. Nilijifunza kwamba ploti ya karibu na mto Tana huonyeshwa wakati wa kiangazi, na kwamba dalali anayeionyesha kiangazi ahame mji kabla ya mvua. Nilijifunza pia kwamba mtu anayesema "pesa si tatizo" ana tatizo moja tu, na ni pesa.

Sasa nifike kwa Eedo Sahara. Eedo ni shangazi. Ndivyo tunavyowaita kina mama wa rika la baba zetu. Alikuwa mjane wa Haji Bile, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha punda, anaishi na binti yake na wajukuu watatu. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu, uwanja mpana, geti la kijani. Alitaka kuiuza, anunue ndogo pembeni ya mji, na tofauti imsaidie maisha. Aliniita, akanipa kazi kwa sentensi moja. "Nitafutie mtu mwenye pesa, si mtu mwenye maswali." Hatukuandikiana chochote. Siku hizo ukimwambia mama wa rika lake atie sahihi, ni kama umemwita mwizi.

Nilimpelekea watu watano. Wa kwanza alikuwa mwalimu, alikuja na kamba yenye urefu wa kabati lake, kabati halikuenea, akaenda zake. Wa tatu alikuwa mama aliyetaka tu kulinganisha jiko lile na la kwake, akaondoka amefurahi. Wa nne alitaja bei nzuri, nzuri sana, ila alitaka kulipa kwa mafungu matatu na fungu la kwanza liwe mbuzi. Wa tano aliuliza kama kuna majini. Nikamwambia hakuna. Akasema nyumba isiyo na majini kwa bei ile lazima ina kesi.

Nimemruka wa pili kwa makusudi. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Rhamu, kule Mandera. Alizunguka nyumba, akanywa chai, kikombe cha pili, nikaanza kuhesabu ada yangu kichwani. Kisha akasema, "Haji Bile? Huyu si ana mwana Rhamu kwa mke wa kwanza? Mursal. Analima kando ya mto Daua, tumepakana mashamba. Ameridhia?"

Nikasema ameridhia. Mursal simjui, sijamwona, hata jina nililisikia dakika ile. Lakini jua lilikuwa kali, nina njaa, na kikombe cha pili kiko mkononi mwake. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kujibu swali haraka namna ile. Na yule bwana hakununua. Uongo wenyewe ulikwenda bure.

Jioni nilimuuliza Eedo Sahara. Alinicheka mpaka ushungi ukamtoka.

"Mursal alipewa ngamia," akasema. "Baba yake alimpa kumi na wawili, akiwa hai, mbele za watu. Nyumba ni ya mke, ngamia ni wa mwana. Wewe ni Msomali au mtalii?"

Kwa mila alikuwa sawa kabisa. Kule malishoni nyumba ni ya mwanamke. Yeye husuka mikeka yake, huikunja, huipakia juu ya ngamia, huisimamisha upya mnakohamia, na mume akileta maneno hulala nje na mbwamwitu. Ila hiyo ni nyumba ya miti na mikeka. Nyumba ya mawe, juu ya ploti yenye jina la marehemu, ni urithi, na zawadi ambayo mwana alipewa na babaye akiwa hai haifuti fungu lake katika urithi. Eedo Sahara hakulijua hilo, aliamini moyoni kwamba yake ni yake. Mimi nililijua. Kila dalali wa mji huu analijua. Nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza hakuhitaji nauli ya kwenda Rhamu.

Upande wa pili wa ukuta alikaa Noor. Noor alikuwa na duka Dagahaley, kule kwenye kambi za wakimbizi, na alirudi nyumbani kila mwisho wa wiki akiwa na vumbi na malalamiko. Ana watoto tisa na vyumba viwili. Ramadhani ile, mkewe alikuwa akimpitishia Eedo Sahara bakuli la sambusa juu ya ukuta kila magharibi, na bakuli hurudi na tende au uji. Jioni moja bakuli likaenda na swali, likarudi na bei. Mimi wakati huo niko upande wa pili wa mji nikimweleza mteja wa sita kuhusu lile geti la kijani.

Nilijua nilipokutana na mkokoteni wa punda barabarani, umebeba vitanda ninavyovijua. Nikafuata ulikotoka mpaka kwenye geti. Eedo Sahara alikuwa uani anafunga sufuria kwenye shuka.

"Eedo, umeuza?"

"Nimeuza, alhamdulillahi. Kwa Noor."

"Na ada yangu?"

"Ada ya nini? Noor ulimleta wewe? Noor nilimjua kabla hujaota ndevu."

Nikamwambia nimevaa viatu vikaisha soli. Akasema viatu kuisha soli ni kazi ya viatu. Nikamwambia bei aliyolipa Noor ni bei ya mteja wangu wa nne, bila mimi angeijulia wapi? Akasema, "Basi kamdai mteja wako wa nne." Nikapandisha sauti, mimi mtu mzima, mbele ya wajukuu, nikasema hili si suala la pesa, ni suala la kanuni. Na nyinyi mkimsikia dalali anataja kanuni, shikeni mifuko yenu.

Hapo akaacha kufunga. Akaniambia polepole pesa iko wapi. Fungu kubwa limeshanunua kiploti pembeni ya mji, chenye vyumba viwili vilivyojengwa ukuta tu. Kilichobaki ni cha mbao na mabati. Mvua za masika zimebakiza wiki tatu.

"Ada yako ndiyo mabati yangu," akasema. "Ukiitaka, chukua. Lakini uchague wewe chumba gani nisikiezeke."

Ningekuwa mtu wa maana ningeomba radhi na kuondoka. Nilisema twende kwa Gurey, yeye ndiye anayejua haki ya dalali. Nilikuwa na hakika. Gurey ni mwalimu wangu, ni dalali, na sijapata kuona fisi akitoa hukumu dhidi ya fisi mwenzake.

Tulikwenda asubuhi, mimi, Eedo Sahara na Noor, ambaye alikuja kwa sababu nyumba ni yake sasa na alitaka kusikia. Gurey alikuwa amezeeka, hafanyi biashara tena, lakini bado alikuja sokoni kila siku na kukaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, awaudhi vijana. Akatusikiliza. Kisha akanigeukia.

"Noor ulimpeleka wewe kwenye nyumba?"

"Hapana, adeer."

"Ulimtaja kwa Sahara?"

"Hapana."

"Kuna mkono wowote ulioshika?"

"Hapana. Lakini nimefanya kazi."

"Punda naye amefanya kazi. Amebeba vitanda. Simwoni hapa akidai asilimia."

Noor alicheka. Mimi nikaona hukumu ndiyo hiyo, nikaanza kuinuka, lakini Gurey hakuwa amemaliza. Alitoa shali begani.

"Hata hivyo ukiitaka ada, ipo," akasema. "Kaa. Noor, mpe mkono. Wewe ukishika mkono huu unapokea ada yako yote, Sahara atalipa. Na ukishaipokea, umesimama. Mtu yeyote akija, kesho au mwaka wa kumi, akisema nyumba ile ana haki yake ndani, Noor hamjui Sahara. Anakujua wewe."

Noor akanyoosha mkono. Mimi wangu ulikuwa umeshafika nusu ya njia, kwa mazoea, mkono wa dalali ukisikia neno ada hauulizi. Halafu nikakumbuka vitunguu vya Rhamu. Mkono ukarudi.

"Basi," nikasema. "Nimesamehe. Ni mjane, na mwezi ni mtukufu. Ada sidai."

Niliona nimetoka kwa heshima. Nilingoja waniombee dua. Badala yake Noor akawa ananikodolea macho.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Nimezaliwa Garissa, nimefanya biashara Ifo na Dagahaley. Nimeona ngamia akizaa mapacha. Sijaona dalali akisukuma pesa iliyo mbele yake. Nyumba hii ina nini?"

Ndiyo sifa tuliyojijengea katika kazi hii, wenzangu. Dalali akidai ada anasumbua, asipodai anatisha.

Gurey akaniambia, "Sema." Nikasema. Nikamtaja Mursal, nikamtaja mtu wa vitunguu, na nikasema nilivyomjibu. Eedo Sahara alianza kupiga kelele kwamba nyumba ni ya mke, ngamia ni wa mwana, Gurey mwenyewe ni mtu wa malishoni analijua hilo. Gurey hakumjibu. Kutojibiwa na Gurey ni jibu. Eedo Sahara akaishia katikati ya neno.

Noor akasimama. "Mimi sinunui kesi. Nirudishiwe pesa yangu."

"Pesa ni kuta sasa," akasema Eedo Sahara.

Aliisema bila hasira, kisha akaniangalia mimi, si Noor. Hakulia. Wallahi afadhali angelia, au angenitukana, nimezoea. Nilikuja pale kumnyang'anya mabati, na sasa nilikuwa namnyang'anya na kuta, yeye na binti na wale watoto watatu, kwa jambo ambalo ningelimaliza mapema kwa safari moja ya Rhamu. Niliona aibu. Sikuwa nimeiona kwa miaka mingi, nikadhani kwanza ni njaa ya saumu.

Nikamwambia Noor akae. Nikatoa mkono.

"Nasimama," nikasema. "Mursal akija, aje kwangu."

Noor akauangalia ule mkono, akamwangalia Gurey, akaushika. Gurey akatufunika kwa shali ingawa hapakuwa na bei ya kuficha.

"Na ada?" akaniuliza.

"Sidai."

"Sasa ndiyo umesamehe," akasema, akalichukua shali lake.

Mabati yalipandishwa siku nne kabla ya mvua. Nililipata hilo kwa watu, mimi mwenyewe sikwenda. Gurey alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu. Ukapita mwaka mwingine, nikaanza kujiambia kwamba Mursal pengine hayupo, ni hadithi za watu wa vitunguu.

Akaja. Mrefu, mtaratibu, ameniletea gunia la vitunguu, maana mtu wa kwetu hata akija kukudai haji mikono mitupu. Alikuwa amefika kwanza kwenye geti la kijani, na Noor hakufungua mdomo ila kumwonyesha njia ya ofisini kwangu. Nilimjaribu kwa ile ya ngamia. "Baba yako alikupa kumi na wawili," nikasema, kwa sauti ya Eedo Sahara.

"Walikufa kwa ukame, adeer," akasema. "Na wangekuwa hai, alinipa akiwa hai. Mimi nauliza alichoacha."

Sitawadanganya, usiku... hapana, hata usiku haukufika. Ni palepale, huku nikimmiminia chai, nilifikiria kukana. Gurey amekufa. Karatasi hakuna. Lingebaki neno la Noor na neno langu, na maneno ndiyo kazi yangu. Lakini nikikana, Noor atamgeukia Eedo Sahara, naye hana kitu cha kutoa isipokuwa lile paa. Nikamwongezea Mursal sukari. Tukaenda kwa kadhi, fungu lake likahesabiwa, nikaambiwa ni kiasi gani, nikaomba hesabu irudiwe, ikarudiwa, fungu halikupungua.

Nilikuwa na ploti moja niliyoiweka ya uzeeni. Niliiuza kwa shemeji yangu, sisi wawili tu, sebuleni. Wiki hiyohiyo dalali mmoja alinifuata mpaka nyumbani akidai ada, eti aliwahi kumtajia shemeji ploti ile kwenye harusi. Nilimtimua kwa maneno ambayo niliyajua neno kwa neno, maana nilikuwa nimeambiwa mimi.

Kwa hiyo swali lenu. Kama mna karatasi yenye sahihi ya mwenye nyumba inayosema ni nyinyi peke yenu mtakaouza, fungueni karatasi msome, msije kwangu. Kama mlimleta mnunuzi nyinyi, kisha wakapatana nyuma yenu ili wawaruke, daini, na mdai kwa sauti. Lakini kama mlichofanya ni picha kumi na mbili na choo, na watu wameuziana wanaojuana tangu utotoni, acheni. Mkiona bado mnastahili, mwambieni mnunuzi kwamba mko tayari kusimama naye akija mtu mwenye haki yoyote, muone kama bado mnaitaka hiyo pesa. Mimi kila nyumba niliyouza baada ya hapo nilipanda gari nikawatafuta warithi kwanza, mpaka Rhamu nilifika mara tatu. Mursal hunilaza kwake.

Siku chache baada ya kumlipa, Eedo Sahara aliingia ofisini. Hakuwahi kukanyaga pale. Akakaa kiti cha wateja bila kusalimia vizuri, akanitazama, akatazama futi, akatazama chupa.

"Nimesikia," akasema.

"Haya, Eedo."

"Ilikuwa kiasi gani? Hapana, usiniambie. Toa daftari lako. Andika nyumba yangu ile ya vyumba viwili."

"Unauza?"

"Siuzi. Mimi humo nitatoka kwa sanda. Andika kwamba dalali wake ni wewe."

Nikamwambia nyumba isiyouzwa haina dalali. Akasema hivyo ndivyo ninavyoharibu kazi, kuongea kabla ya kuandika.

"Nikifa wanangu watauza," akasema. "Watauza kwa jirani, kimyakimya, juu ya ukuta, nimewazaa nawajua. Hata wasikuite, hata usilete mtu, wewe waonyeshe daftari. Waambie mama yao alisema ada ipo."

Akatia sahihi. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akitia sahihi kitu chochote, alichukua muda, akaondoka na kalamu yangu.

Eedo Sahara bado yu hai, amenishinda hata kustaafu. Wiki iliyopita alinipigia simu kwamba bati moja linavuja juu ya kitanda chake, na mwenye kusimamia nyumba ni mimi, imeandikwa. Nilimwambia nimeshaacha kazi. Akaniuliza nitafika saa ngapi, nikaazima ngazi kwa jirani nikaenda.